Glover Teixeira: bingwa wa miaka 42 alijua nini ambacho vijana wa kilo 93 hawakukijua?

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila jina la Glover Teixeira linapotajwa kwa wapenzi wa UFC, shirika kubwa la mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, mjadala huishia kwenye mambo mawili: umri na moyo. Mzee alikuwa na roho ngumu, mzee alibeba mkanda na miaka 42, basi, tunahamia kwa mwingine. Yote mawili ni kweli, ila naona tunamdhulumu. Wenye roho ngumu katika mchezo huu wamejaa, na wengi wao huishia kulala sakafuni mpaka familia zinawaomba waache. Kilichompa Glover mkanda ni ufundi wa chini, ule wa kumlaza mtu na kumkaba, na ufundi huo alikuwa nao tangu siku anaingia UFC. Ilichukua miaka mingi kabla hajauweka mbele ya ngumi zake. Hilo ndilo nataka tulichambue kwa kina.

Kwa wasiomfahamu: ni Mbrazili, kazaliwa Sobrália katika jimbo la Minas Gerais, tarehe 28 Oktoba 1979. Aliondoka kwao akiwa kijana, akapita Mexico mpaka akaingia Marekani bila karatasi, akafikia Danbury, Connecticut, mji wenye Wabrazili wengi. Kazi yake ilikuwa kutunza bustani za watu. Hukohuko ndiko alikoanza jujitsu, chini ya mwalimu Luigi Mondelli. Baadaye akaenda California kwa John Hackleman, yule mwalimu wa bingwa wa zamani Chuck Liddell, katika gym ya The Pit. Kwa hiyo mnapomwona anarusha ile ngumi ya kulia inayopita juu na kushuka kama shoka, mjue ilikotoka.

Pambano lake la kwanza, mwaka 2002, alipigwa. Mwaka 2005 akashindwa kwa pointi na Ed Herman. Baada ya hapo hakushindwa tena hadi 2014: mapambano 20 mfululizo. Humo ndani yumo Mcameroon Rameau Thierry Sokoudjou, aliyelazwa kwa ngumi na Glover mwaka 2006, miezi michache tu kabla Sokoudjou huyohuyo hajaenda Pride, mashindano makubwa ya Japani, na kuwaangusha Rogério Nogueira na Ricardo Arona akashtua dunia nzima. Yaani Glover alikuwa wa kiwango cha juu kabisa mapema sana, lakini sisi hatukumwona. Alirudi Brazil kushughulikia karatasi zake za Marekani na akakwama kule miaka kadhaa, akipigana kwenye matamasha ambayo dunia haikuyafuatilia. UFC aliingia Mei 2012, ana miaka 32. Tunapompima, tukumbuke kwamba miaka ambayo mwili wa mpiganaji unakuwa na kasi yote, yeye alikuwa anasubiri visa.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe.

NGUMI ZAKE

Akiwa amesimama, Glover ni mpiganaji wa karibu. Anatembea mbele, glavu zimepanda, na anataka mfike mahali ambapo mnaweza kushikana. Hapo ana ngumi fupi ya kuzungusha ya kushoto ambayo ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye picha, na ile ya kulia ya juu niliyoitaja. Ryan Bader aliionja Belo Horizonte mwaka 2013: alikuwa amemtikisa Glover, akakimbilia kummaliza, akakutana na ngumi za kujibu zilizomlaza raundi ya kwanza. Rashad Evans naye hakumaliza raundi ya kwanza, mwaka 2016.

Lakini tuseme ukweli. Miguu yake ilikuwa mizito na kichwa chake kilikuwa hakisogei vya kutosha. Na kuna kasoro moja ambayo watu hawaizungumzii: alipotaka kukwepa ngumi aliinama mbele, uso ukielekea chini. Mtu anayeinama hivyo anaitafuta ngumi inayotoka chini kwenda juu. Angalieni mapigo mawili mabaya zaidi aliyowahi kupata UFC. Agosti 2016, Anthony Johnson alimlaza kwa sekunde 13 kwa ngumi ya kutoka chini. Mei 2017 kule Stockholm, Alexander Gustafsson alimpiga mfululizo wa ngumi hizohizo raundi ya tano, akamalizia na ya kulia. Wapinzani wawili tofauti, mlango mmoja. Hiyo ni tabia ya mwili ambayo kona yake, yaani walimu wake, haikuirekebisha kwa wakati.

Kama angebaki na ngumi peke yake, tungekuwa tumeshamsahau.

CHINI

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana hapa ndipo mtu huyu alipokuwa bora kuliko karibu kila mtu wa uzito wake.

Wapiganaji wengi wakimwangusha mpinzani huanza kurusha ngumi kwa pupa. Glover hakufanya hivyo. Akishakuangusha, kwanza anakuwekea uzito. Kichwa chake anakisukuma chini ya kidevu chako ili uso wako uangalie pembeni, na mtu ambaye uso umegeuzwa hawezi kuinua mgongo. Kisha anashughulikia miguu yako. Ukiwa umeubana mguu wake mmoja kwa miguu yako miwili, hana haraka. Anasukuma goti sentimita chache, anapumzika, anasukuma tena, mpaka anautoa na kukukalia tumboni. Wanaume wenye kilo 93 za misuli, wanaojua mieleka, walikuwa wanamwona anakuja na hawawezi kumzuia.

Akishakukalia, ngumi zinaanza, na ngumi hizo ni swali. Ukiinua mikono kujikinga, mkono wako mmoja unavuka mbele ya shingo yako, anaufungia hapohapo, anashuka pembeni na kukubana: shingo yako iko katikati ya bega lako mwenyewe na mkono wake, damu haipandi kichwani. Ukiamua kugeuka ili uso usipigwe, umempa mgongo, na akiwa mgongoni anapitisha mkono chini ya kidevu. Majibu yote mawili yanaishia kwenye kabali. Kyle Kingsbury alijibu la kwanza siku ya Glover ya kwanza UFC. Ovince Saint Preux alijibu la pili mwaka 2015. Mbinu ni ileile miaka yote.

Ndiyo maana nasema ufundi huu unazeeka polepole. Ngumi inahitaji kasi, na kasi huondoka. Uzito, pembe na subira havitegemei umri kwa kiwango hicho.

MGEUKO WA 2018

Julai 2018, Hamburg, Corey Anderson alimwangusha yeye, tena na tena, akamshinda kwa pointi. Glover ana miaka 38. Wengi tulisema huo ndio mwisho, na takwimu za mpiganaji yeyote wa umri ule zilikuwa zinatuunga mkono.

Kuanzia Januari 2019 akashinda sita mfululizo: Karl Roberson, Ion Cutelaba, Nikita Krylov, Anthony Smith, Thiago Santos, Jan Błachowicz. Katika sita hizo, nne aliwakaba. Ukizitazama kwa utaratibu utaona mpangilio umebadilika. Zamani alikuwa anabadilishana ngumi kwanza, na akiona mambo magumu ndipo anakumbuka kuangusha. Sasa kuangusha kumekuwa kazi ya kwanza, na ngumi ni njia ya kumfikia mtu kiunoni.

Bado alikuwa anaumizwa mwanzoni. Roberson alimpiga viwiko vilivyomlegeza wakati anatafuta kumwangusha, na dakika chache baadaye Roberson huyo alikuwa anagonga kusalimu amri. Smith, Mei 2020 kule Jacksonville, ukumbi hauna watazamaji kwa sababu ya korona, alianza vizuri na kwa kasi. Glover akamzoea, akampunguza, akamvunja. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya, kila neno lilisikika: Glover akiwa juu anapiga, huku anamwomba radhi Smith kwamba hiyo ndiyo kazi. Smith alimkabidhi mwamuzi meno yake. Kona ya Smith haikurusha taulo, na mpaka leo naona ilikosea sana. Likasimamishwa raundi ya tano.

Halafu Santos, Novemba 2020. Hilo pambano lina somo zima ndani yake, nitalirudia chini.

Mkanda wenyewe ulikuja Abu Dhabi, Oktoba 30, 2021, siku mbili baada ya kutimiza miaka 42. Kwa sisi wa Afrika Mashariki lilikuwa moja ya mapambano machache ya ubingwa ambayo hayakutukesha mpaka alfajiri. Błachowicz alikuwa ametoka kumlaza Dominick Reyes kwa ngumi na kumshinda Israel Adesanya, bingwa wa kilo 84 wakati huo, tena alimshinda kwa kumwangusha chini na kumkalia. Mtu wa aina hiyo, Glover alimwangusha raundi ya kwanza na kumweka chini karibu muda wote. Raundi ya pili ikaja ngumi ya kushoto, Błachowicz akayumba, akashuka, akageuka, akakabwa. Dakika 3 na sekunde 2. Hakukuwa na bahati mahali popote katika pambano lile. Tangu Glover alipopigania mkanda mara ya kwanza, dhidi ya Jon Jones aliyekuwa bingwa, hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka saba na nusu.

---

Nimesoma michango yenu, nijibu machache.

> Mkuu, mkanda aliupata kwa sababu Jones hayupo. Jones angekuwepo, Glover asingenusa.

Nusu ya hoja yako naikubali bila ubishi. Jones aliachia mkanda Agosti 2020. Na walipokutana Baltimore, Aprili 2014, majaji wote watatu waliandika 50-45 kwa Jones. Tena kibaya zaidi ni namna Glover alivyoshindwa: Jones mwenye mikono mirefu vile angeweza kukaa mbali na kucheza na mateke, lakini alikwenda karibu, mahali pa Glover, akamshinda hapohapo kwa viwiko. Raundi ya kwanza alimkunja bega wakiwa wamesimama, na baada ya hapo mkono ule haukuwa sawa. Dari ya Glover ilionekana usiku ule. Yuko chini ya Jones, na nadhani Daniel Cormier, bingwa mwingine wa uzito huu, naye angemshinda kwa sababu ya mieleka.

Nusu ya pili siikubali. Kuondoka kwa Jones kulifungua nafasi kwa wote. Reyes aliipata akapigwa. Santos alikuwa karibu, Smith alikuwa karibu, wote wadogo kwa Glover kiumri, na wawili hao alikutana nao uso kwa uso na kuwamaliza. Nafasi ilikuwa ya kila mtu na yeye ndiye aliyeichukua.

> Unamsifu kwa kabali wakati yeye mwenyewe alikabwa na Procházka.

Hili ndilo pambano linaloniuma zaidi, na ndilo lenye mengi ya kujifunza. Singapore, Juni 12, 2022, kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi.

Jiří Procházka ni kijana asiye na mpangilio, anapiga kutoka pembe ambazo huzitarajii, mikono iko chini. Glover alimwangusha, akamkalia, akamchana kwa viwiko. Procházka akatoka, akampiga, Glover akavuja damu. Wakaendelea hivyo raundi baada ya raundi, na wote wawili walikuwa wamechoka kupita kiasi. Raundi ya tano Glover akampata kwa ngumi za kushoto, Procházka akayumba kweli kweli. Hapo Glover alikuwa na njia mbili: aendelee na ngumi, au amshike kiunoni amlaze na kukaa juu. Akachagua ya tatu. Akashika shingo kwa mbele, ile kabali ya kumkumbatia mtu kichwa chini ya kwapa, na akajitupa chini nayo.

Tatizo la kabali hiyo ni kwamba isipokamata, wewe ndiye unayebaki chini. Shingo ilikuwa imejaa jasho na damu, mikono imechoka, haikukamata. Procházka akabaki juu, na baadaye akafika mgongoni na kumkaba bila hata kumfunga kwa miguu. Glover akagonga zikiwa zimebaki sekunde 28 pambano liishe.

Hukumu yangu: lilikuwa kosa la kiufundi, na kubwa. Mtu ambaye maisha yake yote ameshinda kwa kupata nafasi kwanza na kabali baadaye, siku hiyo alitaka kabali kabla ya nafasi. Uchovu unaeleza sehemu yake. Lakini msilitumie kumfuta. Ana mapambano 42, na hilo ndilo pekee aliloshindwa kwa kusalimu amri.

> Vipi kuhusu kumkimbia Ankalaev?

Hili nitapita haraka kwa sababu halina uzito. Procházka aliumia bega, akaachia mkanda, na UFC wakataka Glover apigane na Magomed Ankalaev kwa taarifa fupi, Desemba 2022. Glover alikuwa amejiandaa kwa mtu mwingine kabisa, akaomba muda. Mpiganaji wa miaka 43 anayeomba muda wa kujiandaa dhidi ya mtu hatari kama yule anafanya kazi yake vizuri. Mwishowe Ankalaev na Błachowicz wakatoka sare, na mkanda ukaenda Rio.

Rio sasa. Januari 21, 2023, mbele ya watu wake, na Jamahal Hill. Majaji wote wakaandika 50-44 kwa Hill. Kasi ilikuwa imeisha. Glover alikuwa anaziona ngumi na mateke lakini mwili haukufika kwa wakati, na majaribio yake mengi ya kuangusha yalizuiwa. Uso wake ulichanika vibaya. Hata hivyo raundi ya tano, akiwa amepoteza zote nne na damu inamwingia machoni, alifanikiwa kumweka Hill chini na kumkalia. Hill alikuwa na miaka 31 na nguvu zote, na bado akajikuta amekaliwa. Haikutosha. Glover akavua glavu, akastaafu akiwa na ushindi 33 na vipigo 9.

> Mpange basi kwenye orodha ya wakali wa kilo 93 wa UFC.

Jones wa kwanza, hilo halina mjadala. Cormier wa pili. Liddell na Couture kwa walichofanya kuujenga uzito huu. Glover namweka kundi linalofuata, pamoja na akina Machida, Shogun na Rashad Evans, na katika kundi hilo yeye ndiye mkabaji bora kwa mbali. Kwenye tano bora simwingizi, maana alishika mkanda miezi saba tu na hakuwahi kuutetea kwa mafanikio. Kumi bora yumo, na anayemtoa aje na jina la kumweka mahali pake.

Kuna kitu kingine ambacho orodha hizi hazikihesabu. Alex Pereira alipotoka kwenye kickboxing alikuwa na ngumi za kuua na karibu hana chochote chini. Alikwenda Connecticut kwa Glover. Glover hakumgeuza kuwa mkabaji. Alimfundisha kutoangushwa, na akiangushwa, kusimama. Hiyo ndiyo busara ya mwalimu: alijua mwanafunzi wake anahitaji nini, akamwachia silaha yake. Novemba 2022 Pereira akamwangusha Adesanya na kuchukua mkanda wa kilo 84. Kisha akapanda uzito wa mwalimu wake. Alimshinda Błachowicz, akamlaza Procházka mara mbili, akamlaza Hill katika UFC 300 raundi ya kwanza. Watu wawili wa mwisho kumshinda Glover, wote wakalala mbele ya kijana aliyefunzwa naye. Ukitaka kujua Glover alikuwa anaelewa mchezo kiasi gani, mtazame Pereira anavyosimama kwenye wavu mtu akimshika kiunoni: nyonga nyuma, mkono ndani ya kwapa la mpinzani, hana wasiwasi.

> Mkuu, nianze na pambano gani kama sijawahi kumtazama?

La Procházka liacheni la mwisho, ni zuri mno na litawafanya mwone vurugu badala ya ufundi. La Błachowicz mlitazame la pili, mkiwa mmeshajua cha kuangalia.

Anzeni na la Thiago Santos. Santos alikuwa mpigaji mbaya, mtu aliyempeleka Jones mpaka uamuzi wa majaji wasiokubaliana. Anamtikisa Glover mapema, Glover anashika kiuno, anamlaza, anamkalia. Raundi ya pili hivyohivyo, na Santos anaokolewa na kengele akiwa karibu kukabwa. Raundi ya tatu inaanza, Santos anamwangusha Glover kwa ngumi na kumrukia ammalize. Hapo punguzeni kasi ya video. Angalieni Glover akiwa chini, kichwa kinazunguka, anachofanya kwa miguu na mikono yake: hajikunji kujificha, anatafuta mguu wa Santos, anamgeuza, anapanda juu, anachukua mgongo, kabali. Tangu kengele ya raundi ilipolia hadi Santos kugonga ni dakika 1 na sekunde 49.